Stoo ya jikoni: maharage yasibunguliwe, unga usichache

Maswali ninayoulizwa na majirani hapa Moshi ni yaleyale kila msimu. "Nilinunua debe zima la maharage mwezi wa nane, mbona Krismasi yana matundu?" "Dona langu limekuwa chungu, nimekosea wapi?" "Mchele una wadudu, niumwage?" Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, ili anayeanza leo ajue ashike nini kwanza.

Karibu kila hasara ya stoo niliyowahi kuiona ilianzia kwenye unyevu. Punje isiyokauka ikiingia kwenye ndoo, ukungu unapata pa kuota na wadudu wanazaliana haraka. Na sisi wa huku unyevu tunao. Masika ya Machi hadi Mei yanalowesha kila kitu, halafu Juni inakuja na baridi na mawingu ya mlimani. Ukikaa Kibosho, Machame au Marangu unajua jinsi ukuta wa jikoni unavyotoa jasho asubuhi. Arusha nako, kwa kuwa iko juu zaidi ya Moshi, nguo tu zinachukua siku mbili kukauka. Kwa hiyo usichukue ushauri wa mtu wa Dodoma ukautumia kama ulivyo.

Mahitaji kabla ya kuanza

Usinunue chakula kwanza. Tafuta hivi:

- Ndoo za plastiki za lita 10 na lita 20 zenye mfuniko unaobana. Ziwe za chakula. Ndoo iliyokaa rangi au dawa ya shamba usiitumie hata ukiiosha mara kumi.
- Chupa za maji za lita moja na nusu, zilizokauka kabisa ndani. Hizi ni nzuri mno kwa dengu, choroko, ulezi na mchele.
- Chupa za kioo zenye vifuniko vya kuzungusha, kwa viungo.
- Chaga ya mbao, au hata mbao mbili juu ya matofali, ili ndoo isikae sakafuni.
- Turubai safi la kuanikia, na ungo.
- Maka pen na plasta ya karatasi.
- Daftari dogo lenye kamba, la kuning'iniza mlangoni.
- Kama utanunua kwa gunia, mifuko ya PICS: ile yenye mifuko miwili ya plastiki ndani na kiroba nje. Inauzwa kwenye maduka mengi ya pembejeo.

Ukiwa na friji yenye friza, utafanya kazi nusu. Usipokuwa nayo, jua litakusaidia.

Kazi yenyewe

1. Toa kila kitu nje.

Chagua siku ya jua. Toa vyakula vyote, makopo yote, hata ile mifuko iliyosokotwa nyuma ya mkaa. Fagia, futa rafu kwa maji ya sabuni, acha zikauke. Ziba nyufa za ukutani na matundu ya panya. Punje chache za mahindi ya mwaka jana zilizobaki kwenye kona zinatosha kuwa nyumba ya fukusi wanaosubiri mahindi yako mapya, kwa hiyo fagia hadi kwenye kona.

Hapa ndipo utakapogundua una pakiti tatu za bizari zilizofunguliwa na huna chumvi. Andika ulichonacho.

2. Chagua mahali.

Unataka pakavu, penye giza na pasipopata joto la jiko. Kabati la juu ya jiko la gesi ndilo baya kuliko yote, ingawa wengi ndipo wanapoweka viungo na mafuta ya kula. Mvuke na joto vinapanda hapohapo. Kona ya chumba cha ndani, mbali na ukuta wa bafu, inatosha. Acha nafasi ya kiganja kati ya ndoo na ukuta ili hewa ipite na uone panya akipita.

3. Andika mnachokula, wiki mbili.

Ninawaomba watu wasiruke hatua hii, na karibu wote wanairuka. Ning'iniza daftari, kila anayechota unga, mchele, sukari au mafuta aandike kikombe au vijiko vingapi. Wiki mbili zikiisha, zidisha mara mbili, umepata mwezi. Nyumba yangu ya watu watano, nilipopima mara ya kwanza, niliamini tunakula mchele kuliko unga. Daftari likanionyesha kuwa unga unakwenda karibu mara mbili ya mchele, na kwamba sukari nyingi inaishia kwenye chai ya saa kumi.

Bila hesabu hii utanunua kwa macho. Utajaza mbaazi kwa sababu ulizikuta nzuri sokoni, na nyumbani hakuna anayezipenda.

4. Nunua kwa msimu.

Mahindi na maharage ya masika yanaanza kujaa sokoni kuanzia Julai. Ndiyo miezi ya kununua kwa debe au gunia. Ukisubiri hadi Machi, wakati watu wamemaliza akiba na wanatafuta mbegu, utanunua kidogo kwa hela nyingi, tena yaliyokwisha kukaa stoo ya mwingine. Moshi, nenda soko la Mbuyuni asubuhi. Arusha, soko la Kilombero, au siku ya gulio Tengeru.

Duka la Mangi lililo mtaani lina kazi yake, hasa mwisho wa mwezi. Lakini ukijumlisha robo za sukari na vipimo vya mafuta vya mwezi mzima, utaona umelipa zaidi ya aliyenunua kwa kilo na kwa dumu. Anza kuhamisha kitu kimoja kimoja kutoka kwa Mangi kuja stoo.

Kipimo chetu huku ni sado, lile kopo la rangi la lita nne. Sado tano zinajaza debe. Angalia kitako cha sado kabla hajaanza kukupimia, maana iliyobonyezwa ndani inakupunja kila inapojazwa. Ukinunua gunia, omba lipimwe kwenye mizani. Lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita mdomo wake, inapendeza machoni lakini huli macho.

Ukiwa mbele ya muuzaji, fanya haya:

Chota maharage kutoka katikati ya gunia, siyo juu. Yatandaze kiganjani. Tafuta matundu ya duara, na madoa meupe madogo yaliyoganda kwenye ganda, hayo ni mayai. Ukiona vumbi kama unga chini ya gunia, ondoka.

Ng'ata punje ya mahindi. Iliyokauka inavunjika kwa mlio; mbichi inabonyea. Shika mahindi mkononi uyatikise, makavu yanalia kama kokoto.

Nusa. Harufu ya ukungu haitoki kwa kuanika wala kuosha. Hapo usishawishike na bei.

Na usichanganye. Mwaka mmoja nilinunua sado mbili za maharage ya soya njano kwa muuzaji wa pembeni ya barabara, nikayamwaga juu ya maharage yaliyokuwa kwenye ndoo, yaliyokuwa salama miezi mitano. Wiki sita baadaye ndoo nzima ilikuwa na matundu. Wadudu wengi wa maharage wanaanza huko shambani, wakiwa ndani ya punje ambapo huwaoni. Tangu hapo kila ununuzi mpya unakaa chombo chake.

5. Hakikisha yamekauka.

Meno yanatosha kwa anayejua. Kwa anayeanza, tumia chumvi. Kaanga vijiko vichache vya chumvi kwenye sufuria kavu hadi ikauke, uipooze. Chukua chupa kavu yenye mfuniko, weka mahindi hadi theluthi, tia chumvi, funga, tikisa dakika moja au mbili, kisha uache itulie robo saa. Chumvi ikigandamana na ukuta wa chupa, mahindi bado yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na hayafai kufungwa. Ikibaki imelala chini, yako tayari kufungwa, ingawa mimi huyaongezea siku moja ya jua, maana kwa kukaa muda mrefu inatakiwa asilimia 13 hivi.

Anika juu ya turubai, usianike juu ya udongo. Udongo unarudisha unyevu na ndimo ukungu unamoishi. Tandaza tabaka jembamba, geuza kila baada ya saa moja au mbili, toa ndani kabla ya jua kuzama, kwa sababu umande wa huku unashuka mapema. Baada ya kuanika acha yapoe kabisa ndipo uyafungie. Nafaka ya moto ikifungiwa inatoa jasho ndani ya ndoo.

6. Pepeta na chambua.

Ondoa vumbi, mawe, zilizovunjika na zilizotobolewa. Punje iliyovunjika ndiyo inayoliwa kwanza. Mahindi au karanga zenye rangi ya kijani, kijivu au nyeusi, zilizosinyaa au zenye utando, zitoe zote bila huruma.

Hapa niseme kidogo kuhusu sumukuvu. Ni sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye mahindi na karanga, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi. Na usiseme basi nitawapa kuku au ng'ombe: ng'ombe akila mahindi yenye sumukuvu, sumu inapita kwenye maziwa, na maziwa hayo anakunywa mtoto wako. Yafukie au yachome.

7. Ua wadudu kabla ya kufunga.

Mwenye friza: tia maharage, mchele au unga kwenye mfuko uliofungwa, uweke kwenye friza siku nne kamili. Wadudu, viluwiluwi na mayai vinakufa. Ukiutoa, usiufungue. Uache mfuko umefungwa hadi urudi kwenye joto la kawaida, usiku mzima, kwa sababu ukiufungua ungali baridi hewa yenye unyevu itaingia na kulowesha chakula ulichotaka kukiokoa.

Asiye na friza: siku ya jua kali, Januari au Februari hasa, tandaza maharage tabaka moja juu ya nailoni nyeusi, yafunike kwa nailoni angavu, bana pembe kwa mawe, acha kuanzia saa tano hadi saa tisa. Joto la chini ya nailoni linawaua. Usirudie rudie, maharage yaliyochomwa na jua mara nyingi yanakuwa magumu kuiva.

Kuna vidonge vya kufukiza nafaka ambavyo watu wanaviuziana kama pipi. Tafadhali sana, usiviweke ndani ya nyumba mnayolala, hata kimoja, hata kwenye ndoo iliyofungwa. Vinatoa gesi inayoua binadamu, na gesi hiyo inapita chini ya milango. Ni kazi ya maghala na watu waliofundishwa. Kama hujaelewa sentensi nyingine yoyote hapa, hii ishike.

8. Jaza hadi juu, funga, acha.

Mdudu anahitaji hewa. Chombo kikijaa na mfuniko ukibana, hewa iliyobaki ni kidogo, wadudu wanaimaliza na kufa. Hii ndiyo siri yote ya mifuko ya PICS. Unajaza mfuko wa ndani kabisa, unaukamua hewa, unausokota shingo, unaukunja na kuufunga kwa mpira au kamba, kisha wa pili hivyohivyo, kisha kiroba. Kabla ya kujaza, pulizia kila mfuko hewa uone kama umetoboka. Tundu dogo tu linatosha kuharibu kazi.

Kosa ninaloliona sana ni kufungua gunia kila siku kuchota kikombe. Ukifungua umerudisha hewa. Gawa mapema: sehemu kubwa ifungwe isiguswe miezi, na ndoo moja ndogo iwe ya kuchota. Ndiyo maana nazipenda zile chupa za maji. Unafungua moja, nyingine kumi zimelala salama.

Mahindi mkiyahifadhi kwa muda mrefu, jihadharini na dumuzi, yule ambaye wakulima wengi wanamwita skania. Anatoboa mahindi hadi yakabaki unga mtupu, na anaweza kutoboa hata plastiki. Gunia lenye dumuzi lisikae jirani na lingine.

9. Andika tarehe.

Plasta, maka pen: jina, mwezi, umenunua wapi. "Maharage, Agosti, Mbuyuni." Kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka, kwa hiyo kipya kinakaa nyuma.

Unga una sheria zake

Unga nimeutenga kwa sababu ndio unaoleta maswali mengi. Dona husagwa na kiini chake, na kiini kina mafuta. Mafuta hayo yakikutana na hewa na joto yanachacha, ndiyo uchungu unaousikia kooni. Kwa hiyo weka akiba ya mahindi, usiweke akiba ya dona. Saga ya wiki mbili hadi mwezi, basi. Sembe, kwa kuwa kiini na ganda vimeondolewa, inakaa muda mrefu zaidi, ingawa dona lina lishe kuliko sembe.

Ukitoka mashineni unga ni wa moto. Utandaze kwenye turubai safi ndani ya nyumba, upoe, ndipo uingie kwenye ndoo. Wengi wanaufunga ukiwa wa moto na kufika asubuhi una mabonge.

Kina mama wa uji wa lishe nanyi nawasihi: msichanganye kila kitu. Ukisaga ulezi, mahindi, soya na karanga pamoja, kilo tano, karanga na soya zinachachisha unga wote kabla mtoto hajafika nusu. Na karanga moja mbovu inaharibu ndoo yote. Saga nafaka peke yake. Karanga zichambue moja moja, zikaange, uzisage kidogo kidogo za wiki, utie kijiko kwenye uji ukiwa unapika.

Vitu vibichi

Vitunguu vya Mang'ola vikiwa vimekauka shingo vinakaa miezi. Vining'inize kwenye neti au vitandaze kwenye tenga lenye matundu. Friji inavilowesha. Usiviweke pamoja na viazi mviringo, vinaharibiana.

Viazi vinataka giza. Mwanga unavifanya viwe kijani, na kijani hicho kinaambatana na sumu. Kama ni doa dogo, kata kwa kina utupe. Kama kiazi kimekuwa kijani kote au kina uchungu, kitupe chote.

Ndizi mshare mkungu mzima usiuweke karibu na parachichi zinazoiva, utakuta ndizi za mtori zimeiva. Ukitaka kuwahisha parachichi, fanya kinyume: lifunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu.

Nyanya zikiwa za bei chee, nunua tenga, uzichemshe kidogo, uzimenye, uzisage, uzipike hadi maji yapungue, uzigandishe kwenye mifuko midogo ya mlo mmoja mmoja. Usiziweke kwenye chupa ukazihifadhi kabatini kwa kubahatisha. Pia kitunguu saumu kilichosagwa na kulowekwa kwenye mafuta kisikae nje ya friji. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na kuna kijidudu kinachopenda hivyo, kinachotoa sumu isiyo na harufu wala ladha. Kiweke friji ukimalize ndani ya siku chache, au kigandishe.

Mbinu ndogo za jikoni ninazozitumia kila siku

Maharage yaloweke usiku, mwaga maji hayo, pika kwa maji mapya. Pika sado nzima mara moja, yapoze, gawa kwenye mifuko ya mlo mmoja, gandisha. Gesi uliyookoa utaiona mwisho wa mwezi. Hasa maharage mekundu, hakikisha yanachemka kwa nguvu dakika kumi na zaidi. Yakiiva kwa moto mdogo tu kuanzia mwanzo yanaweza kuumiza tumbo vibaya.

Ukimenya ndizi mbichi, paka mafuta viganjani na kwenye kisu, na kila uliyomenya itumbukie kwenye maji. Utomvu hautakushika, ndizi hazitakuwa nyeusi.

Mtungi wa gesi hujui umebaki kiasi gani? Mwagia maji ya moto ubavuni, subiri kidogo, pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini. Mahali panapogeuka baridi ndipo gesi ilipo. Na kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, gesi inavuja: funga, fungua madirisha, usiwashe hata taa.

Umeme ukikatika, usifungue friza. Iliyojaa inashika baridi kama siku mbili ikiwa imefungwa, iliyo nusu siku moja, na friji ya kawaida kama saa nne tu. Ndiyo maana friza yangu ikiwa na nafasi naijaza chupa za maji.

Wali uliobaki usilale mezani. Ukipoa tu, ndani ya muda wa saa mbili, uingie kwenye friji.

Chumvi ya madini joto ikae kwenye chombo chenye mfuniko, kikavu, kisicho na mwanga. Bakuli la wazi karibu na jiko linaipotezea madini.

Mambo yakiharibika

Maharage hayaivi. Kwa kawaida ni ya zamani, au yalikaa penye joto na unyevu. Loweka usiku kucha. Usitie nyanya wala limau mpaka yalainike, kwa sababu vitu vya uchachu vinayakaza. Magadi kidogo yanasaidia, nasema kidogo: yakizidi yanaharibu ladha na yanapunguza vitamini.

Mchele una fukusi. Usiumwage. Pepeta kivulini, uweke kwenye friza siku nne, uoshe vizuri, upike huo kwanza. Safisha ndoo kwa maji ya moto, ikauke siku nzima. Usiuanike mchele juani muda mrefu, unapasuka na ukipikwa unakuwa bokoboko.

Maharage yametobolewa machache. Yamalize wiki hii: yaloweke, yanayoelea yatupe, mengine pika. Yakiwa yametobolewa zaidi ya nusu, usijilazimishe.

Unga una utando kama wa buibui. Huo ni wa viwavi vya nondo. Unga huo utupe, kagua kila chombo kilichokuwa jirani, hata pakiti ambazo hazijafunguliwa, kwa maana wanatoboa karatasi.

Mafuta ya alizeti yana harufu ya rangi au ya karanga za zamani. Yamechacha, wala kukaangia kitunguu hakuyarudishi. Ukinunua tena, nunua dumu dogo, ulifunike, ulitoe kwenye mwanga wa dirisha. Usimimine mafuta mapya juu ya masalia ya zamani.

Sukari imevamiwa na sisimizi. Weka chombo chenye sukari ndani ya sinia lenye maji kidogo, wengine hawataweza kuingia. Baada ya hapo, mfuniko unaobana.

Dagaa wanatoa harufu kali na vumbi. Hawakukauka. Waanike tena siku moja, wakaange bila mafuta hadi wawe wakavu, wapoe, wafungie kwenye chupa ya kioo. Wakiwa na ukungu, tupa.

Ndoo ina matone chini ya mfuniko. Hiyo ni dalili ya kushughulikia leoleo. Mwaga yote kwenye turubai, anika, nusa, rudia kipimo cha chumvi. Ukiliona tone mapema umeokoa debe. Ndiyo sababu kila Jumamosi asubuhi nagusa ndoo za kuchotea, nainua mfuniko, nanusa, natia mkono hadi katikati nione kama pana joto. Zile zilizofungwa sizifungui, naziangalia kwa nje tu. Dakika kumi.

Na swali la mwisho, ambalo dada wengi huniuliza kwa sauti ya chini: nitaanzaje nami sina hela ya gunia? Anza na chupa moja. Wiki hii ukinunua maharage, nunua sado badala ya nusu sado, iliyozidi ikaushe, ijaze chupani hadi shingoni, andika tarehe, ifungie. Wiki ijayo choroko. Inayofuata mchele. Kufika Julai utakuwa na chupa kumi na kitu na daftari linaloeleza nyumba yako inakula nini, na hapo debe la kwanza utalinunua ukijua litaisha lini.